Sauti Nne za Shule

Utotoni mwangu neno shule lilikuwa na sura mbili. Tanga, tulikokuwa tukiishi, nilikwenda shule. Likizo ikifika tulivuka bahari hadi Wete, kisiwani Pemba, kwa bibi mzaa mama, na huko nikawa mtoto wa skuli. "Mjukuu wangu, skuli mmefunga lini?" bibi huniuliza hata kabla sijamaliza kumwamkia, nami humsahihisha kwa ujuaji wangu wote wa darasa la tatu: "Bibi, inaitwa shule." Hakuwa akinibishia. "Huko kwenu," hunijibu, kisha huendelea kupepeta mchele wake.

Baadaye kidogo mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba shule imetokana na shughuli. Tuliamini, na kwa nini tusiamini? Yanafanana mdomoni, yanaanza na sauti moja, na kwa mtoto anayeamshwa alfajiri, akafagia uwanja, akasimama mstarini na kuhesabu hadi saa saba mchana, shule ni shughuli kweli. Maelezo yale nilikaa nayo miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuwasoma watu ambao kazi yao ni kufuatilia maneno yalikotoka, nikaona jinsi wao wangelishika lile dai la mwalimu wangu. Wasingelicheka. Wangeuliza maswali matatu ya kawaida kabisa. Ile *gh* imekwenda wapi? Nani alilisema neno hili kwanza, na mwaka gani? Na kabla yake watu walisemaje?

Ufundi huu una jina la kigeni, etimolojia, na mwenye kuutazama kwa mbali hudhani ni ufundi wa kubahatisha kwa werevu. Ni kinyume chake. Kubahatisha ndiko kulikotangulia. Kwa zaidi ya miaka 2000, tangu zama za Plato, wasomi wa Ulaya waliyaoanisha maneno kwa kuyasikiliza tu, na mara nyingi wakapotea. Mabadiliko yalikuja katika karne ya 19, pale watu kama Rasmus Rask wa Denmark na Jacob Grimm wa Ujerumani walipoonyesha kwamba sauti za lugha hubadilika kwa utaratibu, si neno moja moja. Sauti ikigeuka katika neno hili, hugeuka katika yote yaliyo katika hali ileile. Kuanzia hapo sikio peke yake likawa shahidi asiyetosha. Kila sauti ya neno ilitakiwa kujieleza.

Basi tuichukue shule tuiweke mezani. Ina sauti nne: *sh*, *u*, *l*, *e*. Nne tu, na kila moja ina safari yake.

Ile *sh* ndiyo inayosema kwa sauti kubwa kuliko zote. Huku pwani, kabla ya wakoloni, mtoto alipelekwa chuoni. Chuo lilikuwa jina la kitabu na la mahali pa kukisomea pia, na mpaka leo mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu ya dini. Kisha Wajerumani wakaitwaa bara tangu miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafungua skuli ya serikali Tanga. Nimesema skuli kwa makusudi, ili neno tunalolichunguza lisijitangulie. Wao waliiita *Schule*. Visiwani Unguja na Pemba, mwaka 1890 mlinzi aliyeingia alikuwa Mwingereza, na neno lake ni *school*. Mpaka uliochorwa na serikali mbili za Ulaya ulifika hadi kwenye ulimi wa mtoto. Upande mmoja *sh*, upande wa pili *sk*. Bibi yangu alikuwa sahihi kuliko nilivyojua: kulikuwa na kwetu na kwao, na katikati yake palikuwa na mkataba.

Mwenye ufundi huu haishii hapo. Anauliza tena: kwa nini Mjerumani anasema *sh* na Mwingereza anasema *sk*, ilhali lugha zao ni ndugu wa tumbo moja na wote wawili walilipata neno hili kutoka Kilatini, *schola*?

Jibu liko kwenye kiatu. Kijerumani cha kale, karne ya 9, kiatu kiliitwa *scuoh* na shule iliitwa *scuola*, na yote mawili yalianza kwa *sk*. Baada ya hapo Wajerumani wakailainisha *sk* yao yote ikawa *sh*. Kiatu kikawa *Schuh*, shule ikawa *Schule*. Hakuna aliyeketi akaamua. Waingereza nao walipitia mageuzi ya namna hiyo, na kiatu chao cha kale, *scoh*, kikawa *shoe*. Samaki wao, *fisc*, akawa *fish*. Jahazi lao, *scip*, likawa *ship*. Kwa kanuni hiyo *scol* ya Waingereza ilipaswa kutamkwa kwa *sh* leo. Haikuwa hivyo. Neno hilo walikuwa wakilisikia kila siku kwa walimu na mapadri waliosema Kilatini, na Kilatini kikalishikilia lisiteleze na wenzake. Baadaye wasomi wao wakaongeza hata *h* katika maandishi, ili lifanane na la Kilatini, ingawa hakuna anayeitamka.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Neno moja kufuata kanuni ni jambo la kawaida. Lakini neno linapokosa kuifuata, mwanaetimolojia hafumbi macho wala hasemi lugha ni tabia za watu. Anatafuta sababu ya ukosefu huo kwa bidii ileile, na anakuta kanisa, darasa na mwalimu mwenye fimbo ya Kilatini. Kanuni inamwonyesha mapito ya lugha, na pale inapovunjika inamwonyesha maisha ya watu.

Sauti ya pili, *u*. Kilatini kilikuwa na *o*. Wajerumani waliirefusha ikawa *ō*, kisha *uo*, kama tulivyoiona katika *scuola*, na mwishowe ile *uo* ikajikunja ikawa *u* ndefu. Si kwa neno hili tu. Kaka aliyekuwa *bruoder* akawa *Bruder*, na chema kilichokuwa *guot* kikawa *gut*. Mswahili alipolipokea neno hilo, Mjerumani alikuwa ameshafika kwenye *u*. Kama lingetufikia mapema zaidi, enzi za *scuola*, huenda leo tungekuwa na kitu kama skuola, na watoto wetu wangeliimba hivyo mstarini.

Ile *e* ya mwisho ni mabaki ya *a*. Katika Kijerumani cha kale ulimi uliitwa *zunga*, leo ni *Zunge*. Irabu za mwisho zilinyauka zote zikawa *e* hafifu, karibu haisikiki. Sisi tuliifufua. Kiswahili hakina irabu hafifu, kila irabu hupewa haki yake, basi *e* iliyokuwa pumzi tu kinywani mwa Mjerumani ikawa *e* kamili kinywani mwa mtoto wa Tanga, tena silabi ya kabla yake ikabeba mkazo kama desturi yetu inavyotaka.

Na *l*? *L* haina habari kubwa. Imetoka Ugiriki mpaka Tanga bila kubadilika, kama abiria aliyelala njia nzima. Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, ndiko iliposhtuliwa: Wanyarwanda wanasema *ishuri*, Warundi *ishure*, na wingi ni *amashuri*, *amashure*. Wabelgiji waliokuja baadaye walisema Kifaransa, na kwa Kifaransa shule ni *école*. Ile *sh* ya *ishuri* haiwezi kuwa imetoka huko. Imebaki kama kigingi cha mpaka ambao ramani imeshaufuta.

Nikirudi Ulaya, ninapenda kukaa na jamaa za Kilatini, maana kwao kanuni huonekana wazi kama mishono ya nguo iliyogeuzwa ndani nje. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walipata taabu kuanza neno kwa *s* ikifuatiwa na konsonanti nyingine. Wakaweka kairabu mbele ya kukanyagia, na wachongaji wa mawe wa zama za dola ya Roma wakakichonga kile walichokisikia. Mswahili anaielewa taabu hiyo. Sisi pia hatupendi konsonanti mbili zikisukumana mlangoni, ila sisi huweka irabu katikati: tukasema kilabu, tukasema burashi. Wao waliiweka mbele. Kwa hiyo *schola* ikazaa *escuela* kwa Wahispania, *escola* kwa Wareno, *escole* kwa Wafaransa wa kale. Baadaye Wafaransa wakaitupa ile *s* na kubakiza alama juu ya *e*: *école*. Nyota, *stella* ya Kilatini, ikapita njia hiyohiyo: *estrella* Hispania, *étoile* Ufaransa. Upanga, *spatha*, ukawa *espada* na *épée*. Ukishaijua njia, unaweza kusimama mbele ya neno la Kifaransa linaloanza kwa *é* ukaisikia *s* iliyozikwa chini yake.

Tazama sasa ile *ue* ya *escuela*. Mhispania akiweka mkazo juu ya *o* fupi ya Kilatini, *o* hiyo hupasuka: *porta*, mlango, unakuwa *puerta*; *novus*, mpya, inakuwa *nuevo*. Mkazo ukihama, *o* inarudi mahali pake. Mlango ni *puerta*, lakini bawabu ni *portero*. Shule ni *escuela*, lakini mambo ya shule ni *escolar*. Mtoto wa Madrid hajafundishwa hilo na mtu, na bado hulitenda mara mia kwa siku bila kukosea. Mreno wa jirani hakuipasua *o* yake kamwe, amebaki na *porta*, *novo* na *escola*. Umbali wa mto mmoja, na neno moja linakuambia umekwishavuka.

Wafini walifanya ukali zaidi. Lugha yao ya zamani haikukubali kabisa konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, na badala ya kuongeza irabu wao walikata. Kutoka *skola* ya Kiswidi wakabakiwa na *koulu*. Ufuko, *strand* kwa Waswidi, kwao ni *ranta*. Hata mji wa Stockholm wanauita Tukholma. Ndugu zao wa mbali, Wahungaria, walichagua irabu ya mbele na kusema *iskola*. Walithuania hawakukopa, wana *mokykla*, la kwao wenyewe, kutoka kitenzi cha kufundisha. Mganda ninayemfahamu hufurahi akisikia hilo, kwa kuwa naye ana *essomero*, mahali pa kusoma, na hakuhitaji kumkopa mtu.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni kukataa. Wales, *ysgol* ni shule, na *ysgol* vilevile ni ngazi ya kupandia. Wingi wa yote mawili ni *ysgolion*. Ni nani asingeshawishika? Shule ni ngazi, mtu hupanda kidato baada ya kidato. Sisi wenyewe tunasema vidato. Hotuba ya mahafali imeshajiandika. Mwanaetimolojia anaizuia kalamu. Ngazi ya Wales ilitoka Kilatini *scala*, shule ilitoka *schola*, na irabu hizo mbili, *a* ndefu na *o*, zilikutana katika kinywa cha Mwelshi kwa kanuni zake mwenyewe. Ni watu wawili waliovaa kanzu za fundi mmoja. Waingereza nao wana *school* ya samaki, yaani kundi la samaki wanaokwenda pamoja, na wengi wao huwaza samaki wamepanga foleni kama wanafunzi. Neno hilo lilikuja kutoka kwa Waholanzi, *schole*, kundi, na halina udugu wowote na darasa. Kuiacha hadithi tamu kama hiyo kwa ajili ya irabu moja kunahitaji moyo mgumu. Ninawaheshimu wanaetimolojia kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kazi hii inahitaji pia umri. Jacob Grimm na mdogo wake Wilhelm walianza kamusi kubwa ya Kijerumani mwaka 1838. Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa amefika kwenye neno *Frucht*, tunda. Herufi ya F! Kamusi ilikamilika mwaka 1961, mikononi mwa watu ambao hata baba zao hawakuwa wamezaliwa ilipoanzishwa. Uingereza, James Murray, mwalimu wa shule huko Mill Hill, alijijengea kibanda cha mabati na kukijaza visanduku vya karatasi ndogondogo. Kila karatasi ilikuwa na neno moja, sentensi moja ambamo neno hilo limetumika, jina la kitabu na mwaka. Wasomaji wa kujitolea walizituma kwa posta kutoka kila upande. Kitabu cha kwanza cha kamusi yake ya Kiingereza kilitoka mwaka 1884, kikaishia neno *ant*, sisimizi. Murray alikufa mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928. Namwona ameishika karatasi moja karibu na taa, akiisoma tarehe mara mbili. Tarehe ndiyo iliyokuwa ikimpa neno mahali pa kusimama. Bila tarehe mtu angeweza kusema lolote, hata kwamba shule imetokana na shughuli.

Kilatini hakikulibuni *schola*. Waroma kwa kawaida walipowapeleka watoto wadogo kusoma waliita mahali hapo *ludus*, na neno hilo lilimaanisha mchezo pia. *Schola* walilipokea kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki ni *skholē*. Ile *kh* si kama *kh* ya khofu au khalifa katika maandishi yetu ya zamani. Ni *k* yenye mpumuo. Msomaji wa pwani anaweza kuipata hapohapo alipo. Weka kiganja mbele ya mdomo utaje paa la nyumba, kisha umtaje paa wa porini. Kwa wasemaji wa Mvita na Lamu, yule wa porini huipiga kiganja pumzi, la nyumba halipigi. Pumzi hiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wagiriki kwenye *k*. Waroma hawakuwa nayo, wakaandika *ch* kwa heshima na kutamka *k* kavu, na ndiyo maana Ulaya iliyolipata neno kwao ilianza na *sk*.

*Skholē* maana yake haikuwa jengo, wala mwalimu, wala ubao. Maana yake ilikuwa wasaa. Ni muda ambao mtu ameshikilia mbali kazi na haja, akabaki na nafsi yake. Aristotle, aliyefungua shule yake, Lukeio, huko Athens mwaka 335 KK, aliuweka wasaa juu ya kazi: kwake tunahangaika ili tuupate. Hata lugha ilikuwa upande wake, kwa kuwa Mgiriki hakuwa na haja ya neno la pekee kwa shughuli. Alichukua *skholē* akalitia kikanushi mbele, *askholia*, ukosefu wa wasaa. Waroma walifanya vivyo hivyo: *otium* ni wasaa, *negotium*, biashara, ni kutokuwa na wasaa. Kutoka wasaa neno likapita kwenye kile ambacho Mwathens mwenye wasaa alipenda kukifanya, mazungumzo na hoja. Kisha kwenye kundi la wanaozungumza. Kisha kwenye mahali wanapokutana.

Mwalimu wangu kumbe alikuwa ameligeuza kichwa chini miguu juu. Aliyoiita mama ya shule ilikuwa kinyume cha mama yake.

Nyuma ya *skholē* kuna mlango mmoja zaidi, na aliyetupa ufunguo wake alikuwa mwalimu wa shule. Hermann Grassmann alifundisha katika sekondari ya Stettin, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Szczecin. Alikuwa mwanahisabati. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha hisabati kilichokuwa mbele ya wakati wake, na wenzake karibu wote wakakipuuza. Hakukata tamaa ya kufikiri. Akaingia katika Kisanskrit, na mwaka 1863, mwaka uleule ambao Jacob Grimm alifia kwenye tunda, akachapisha kanuni ambayo ina jina lake hadi leo. Inasema hivi: katika Kigiriki na Kisanskrit, silabi mbili zinazofuatana zikiwa zote zina pumzi, ya kwanza huiacha pumzi yake.

Tuione ikifanya kazi. Mgiriki alisema *ekhō*, nina, nimeshika. Wataalamu wanaurudisha mzizi wake hadi *\*segh-*, kushika, na kinyota hicho mbele ni alama ya uaminifu: kinamwambia msomaji kwamba umbo hili halijaonekana popote, limeundwa upya kwa hoja. *S* ya mwanzo ikifuatiwa na irabu Wagiriki waliigeuza *h*: saba ya Waroma ni *septem*, ya Wagiriki ni *hepta*. Kwa hiyo tulitarajia *hekhō*. Lakini hapo kuna pumzi mbili, *h* na *kh*, na kanuni ya Grassmann inaiondoa ya kwanza: *ekhō*. Sasa angalia wakati ujao, nitakuwa nacho. Mgiriki alisema *hexō*. Ile *kh* imekutana na *s* ikapoteza pumzi yake, basi *h* haina tena mpinzani, na inarudi. Iko pale, kama aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia. Na *skholē* je? Humo irabu ya mzizi ilidondoka, *s* ikajikuta imeegemea konsonanti badala ya irabu, kwa hiyo haikugeuka *h* hata kidogo. Ndiyo *s* ileile ya kale kabisa. Wajerumani, ambao Grassmann alikuwa mmoja wao, waliupata mzizi huohuo kwa urithi wao pia, wakaufanya *Sieg*, ushindi, yaani kushika na kushinda. *Sieg* ni wa kuzaliwa nyumbani, *Schule* aliletwa na mapadri. Ni binamu walioishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka 1000.

Kwetu kuna kanuni inayofanana nayo. Mmishonari Edmund Dahl, aliyeishi na Wanyamwezi, aliona konsonanti za Kibantu zikikwepana kwa namna hiyo, na mtaalamu wa lugha Carl Meinhof akaipa kanuni hiyo jina la Dahl mwaka 1903. Kiambishi tunachokiita *ki-*, Wakikuyu hukitamka *gĩ-* ikiwa konsonanti inayofuata haina mghuno, kama *t* au *k*: kitanda ni *gĩtanda*, lakini kitu ni *kĩndũ*. Jina lenyewe Gĩkũyũ limebeba kanuni hiyo mwanzoni mwake.

Maana nayo ilitanga kwa njia zake. Katika dola ya Roma ya mwishoni, *scholae* walikuwa vikosi vya askari walinzi wa mfalme. Venezia, *scuola* ilikuwa jumuiya ya watu wa imani au kazi moja, waliosaidiana kwenye maradhi na misiba. Scuola ya San Rocco ilianzishwa mwaka 1478, na mchoraji Tintoretto akaipamba kwa michoro kwa zaidi ya miaka 20. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja pale. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kwa Kiyidi, nyumba yao ya ibada waliiita *shul*, kwa sababu waliosali humo walikuwa humo humo wakisoma. Anayetoka pwani yetu hahitaji kuelezwa: msikiti na chuo vilikaa ua mmoja.

Kusini mwa Afrika neno lilipata jambo ambalo hakuna Mzungu aliyeweza kulifanya. Mzulu alisikia *skole*, *skool*, akaweka irabu zake, ikawa *isikole*. Mara akaona mwanzoni mwake *isi-*, kiambishi chake cha kila siku, ndugu wa *ki-* yetu. Basi wingi ukawa *izikole*. Ile *s* iliyodumu tangu *\*segh-*, iliyokataa kugeuka *h*, iliyozikwa chini ya *é* ya Wafaransa na kukatwa na Wafini, huko Natal ikapewa kazi mpya: ikawa kipande cha ngeli. Sisi tuliifanyia kilabu vivyo hivyo tuliposema vilabu, na kitabu cha Waarabu tuliposema vitabu, ingawa *ki* yake ni ya mzizi.

Bibi alifariki kabla sijapata kumsimulia haya, na sidhani angeniachia nimalize bila kunipa ungo nipepete naye. Lakini ningependa asikie habari moja ya Wagiriki wa leo. Shule yao wanaiita *skholeio*. Na wana kitenzi, *skholao*, wanachokitumia maofisini, madukani na viwandani. Jioni mtu humpigia simu mkewe kumuuliza leo *anaskholi* saa ngapi, naye hujibu, saa kumi na moja. Maana yake anatoka kazini saa ngapi.